Geti Lililopimwa Mwezi wa Tano

Ijumaa iliyopita, nikistaafu, nilirudisha vifaa vya kazi. Futi ya mita nane, pima maji, mizani ya kuning'iniza ya aina wanayopimia viazi sokoni, na gololi moja ya kioo yenye utepe wa bluu ndani. Karani wa stoo aliandika vitatu vya kwanza bila shida. Alipofika kwenye gololi aliweka kalamu chini.

"Madam Nekesa, hii bano nayo ni ya nani?"

Nikamwambia ni ya karakana, na imefanya kazi hapa muda mrefu kuliko mimi na yeye tukiunganishwa. Wenzangu wakacheka, kisha wakasema basi niandike, maana nikiondoka hivi hivi nitaondoka na kila kitu kichwani. Ndiyo haya naandika. Mambo ya vyeo na mishahara nimeyaacha, kwa sababu hayajawahi kufungua geti la mtu.

Kwa wasionijua, kazi yangu ilikuwa kupanga mageti ya umeme hapa Eldoret. Nilikwenda nyumbani kwa mtu, nikatazama lango lake, nikaamua kama geti litelezee ubavuni au lifunguke kama mlango, mota ikae wapi, waya upite wapi, na ni nani hasa atakayeshika rimoti. Wanaochomelea na wanaofunga waya ndio wanaoonekana wakitoa jasho. Mpangaji huonekana amesimama tu akitazama chini. Nimeitwa mvivu na watu wengi wa heshima.

Nilitoka Bungoma nikiwa na cheti cha ukarani. Mzee Kamau, fundi aliyehamia huku kutoka Nyandarua kabla sijazaliwa, alikuwa na karakana ya mageti upande wa Langas, na alikuwa akitafuta mtu wa kuandika makadirio ya kazi kwa sababu wateja walikuwa wakimrudishia yake wakiuliza ni lugha gani. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino, nikakaa mezani, nikachonga penseli tatu. Saa nne akasimama mlangoni.

"Nekesa, unaandika nini?"

"Naandika ile geti ya mwalimu, Mzee. Mita nne kwa mbili."

"Umeiona?"

"Bado. Ni wewe uliniambia vipimo."

"Basi unaandika maneno yangu, hujaandika geti. Hizo viatu toa. Kuna gambuti hapo nyuma ya mlango."

Gambuti zilikuwa mbili za mguu wa kulia. Nilizivaa hivyo hivyo. Tulipofika kwa mwalimu, nilitazama mahali geti lingepita nikasema ni tambarare kabisa. Mzee Kamau alitoa gololi mfukoni, akaiweka chini taratibu, akaiachilia. Gololi ilianza kusogea kama haitaki, halafu ikakolea, ikatoka barabarani. Nilitumwa kuifuata na gambuti zangu za kulia.

"Geti yako ndio hiyo imeenda," alisema niliporudi nayo. "Na haina breki."

Baada ya gololi alinionyesha mizani. Unaining'iniza kwenye geti, unavuta polepole, unasoma ni uzito gani unaolitoa mahali pake. Likivutika kwa shida, usifikirie mota kabisa, rudi kwenye magurudumu na bawaba. Watu wengi hununua mota wakitumaini italiponya geti lililopinda. Mota italivuta kwa nguvu miezi mitatu, kisha mtakuwa na wagonjwa wawili.

Lakini kilichonishangaza zaidi siku ile ni kwamba Mzee aliomba kigoda, akakaa kando ya lango, akakubali chai, na akakaa pale karibu saa nzima. Kila aliyepita, Mzee alimtazama. Kisha akamuuliza mwalimu, "Mwezi wa kwanza, hapa kwa lango kunapita nini?" Mwalimu akasema watoto wa shule. "Mwezi wa pili?" Akaendelea hivyo mpaka wa kumi na mbili, nami nikiandika kwenye daftari mistari kumi na miwili. Mwezi wa tatu ulikuwa na trekta. Wa nne matope. Wa nane, mwalimu alifikiri kidogo akasema, "Wakwe." Mzee Kamau akaniamuru niandike hata hiyo, kwa kuwa wakwe huja na gari kubwa na hawapendi kungojeshwa nje. Ukurasa ule aliuita kalenda ya geti, na hakukubali nipige hata mstari mmoja wa mchoro kabla haujajaa.

Mota ya kwanza tuliletewa na mtu aliyerudi kutoka ng'ambo. Ilikuwa ndani ya katoni, na maelezo yake hayakuwa ya lugha yoyote kati ya zile tulizozijua karakana nzima. Tuliifunga kwa siku mbili. Tukabonyeza rimoti, geti likaondoka vizuri, likapita mwisho wa reli, likaendelea, likalala kwenye maua ya mama mwenye nyumba. Hatukuwa tumeweka kizuizi cha mwisho. Mzee Kamau alilitazama lile geti lililolala, akasema, "Sasa kufunguka tumejua inafunguka." Tangu siku ile kizuizi huwekwa kabla mota haijatolewa kwenye katoni, na mkikutana na fundi anayesema atakiweka baadaye, mwambieni aanze kwa kununua maua.

Miaka ikaenda. Mji ukaota nyumba kila upande, na kila nyumba ikataka geti linalojifungua lenyewe. Miguu ya Mzee Kamau ilichoka, akawa mtu wa kukaa karakana, nami nikawa wa kwenda kupima. Nilikuwa hodari, nasema bila aibu. Ningeweza kupima malango matatu kwa siku moja. Ile kalenda nikaanza kuiona kama mazoea ya mzee anayependa chai ya watu. Nikaanza kuiruka, kwanza mara moja moja, halafu kila mara.

Ndipo Kiprono akaja. Alikuwa mkimbiaji, anaishi kambini Kaptagat, na alikuwa amerudi kutoka mbio za nje akiwa na jambo moja tu kichwani. Mama yake, Mama Salina, alikuwa mjane anayeishi peke yake shambani Yamumbi na ng'ombe wanane. Mchana kulikuwa na mfanyakazi wa kukamua, akimaliza anakwenda zake. Magoti ya Mama yalikuwa yameisha, na geti la nyumbani lilikuwa la chuma kizito, la kusukuma kwa bega.

"Madam, siku ingine gari ya maziwa ilihoot mpaka ikaenda," Kiprono alinieleza. "Mum alikuwa anatoka kwa nyumba, lakini kufika kwa gate ni safari. Sasa sister yangu Gladys anasema imetosha. Anataka ahamie kwake Nairobi, shamba tukodishe. Nimemwomba atupe mpaka Krismasi. Hii gate ikifanya kazi, Mum anabaki. Ikisumbua, anaenda."

Nilimuuliza Mama Salina mwenyewe anaonaje. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye leso kichwani na mzaha usoni, na alinijibu kama vile swali lilikuwa la kitoto.

"Nairobi Gladys anakaa ghorofa ya saba. Huko nitakamua nini? Lifti?"

Kilikuwa kiangazi kidogo katikati ya mvua za mwezi wa tano. Nilipima. Upande wa kulia wa lango kulikuwa na tangi la maji lililojengewa. Upande wa kushoto kulikuwa na uzio wa kayaba, ile miti ya miiba, ulionona, ambao marehemu mume wake aliupanda walipohamia pale. Geti la kuteleza linahitaji ubavu mtupu wa kulipokea, na Mama alikuwa na sharti moja tu.

"Fanya yote unataka. Lakini kayaba ya Mzee haiguswi."

Kwa hiyo nilichagua geti la milango miwili, linalofunguka kuelekea ndani, kila mlango na mkono wake wa mota. Ndani kulikuwa na nafasi tele. Kutoka langoni mpaka karibu na baraza kulikuwa na sakafu pana ya simiti, safi, imeteremka kidogo ili maji yatoke. Nilifurahi sana kuiona. Sikujiuliza kwa nini mama wa ng'ombe wanane, asiye na gari na ambaye hajawahi kuwa nalo, amejengewa sakafu ya simiti ya ukubwa ule. Nilikunja futi, nikakataa chai kwa adabu, nikaenda kupima kwa mtu mwingine.

Tulifunga mwezi wa sita. Siku ya kuliwasha, Mama Salina alibonyeza rimoti, milango ikafunguka, akabonyeza, ikajifunga, akabonyeza tena. Majirani walikuja wakasimama nje. Akina mama wawili walitembea kuingia na kutoka mara kadhaa bila shughuli yoyote. Rimoti aliitia kwenye utepe wa medali ya Kiprono akaivaa shingoni, na medali yenyewe akaiweka ndani ya kabati la vikombe. Nilimwonyesha ufunguo wa mota, ule unaoliachilia geti lisukumwe kwa mkono betri ikiisha, nikamwambia auweke mahali ambapo kila mtu wa nyumba anapajua. Akauweka kwenye mkebe wa sukari. Kwa karibu miezi mitano gari la maziwa halikupita tena bila maziwa, na mimi nilijisifu kwa kila aliyenisikiliza.

Mwezi wa kumi na moja akanipigia simu.

"Nekesa, geti imekataa kazi."

"Imekataa aje, Mama?"

"Inaanza kufunga, inaona mahindi, inarudi."

"Mahindi gani?"

"Yangu. Nimeanika."

"Umeanika wapi, Mama?"

Kisha akaniuliza kwa upole, kama anayezungumza na mgonjwa, "Kwani mahindi huanikwa wapi?"

Nilikaa na simu mkononi nikasikia uso ukiwaka. Mimi ni mtoto wa Bungoma. Utoto wangu wote kila mwisho wa mwaka nilikuwa na fimbo mkononi nikifukuza kuku kwenye mahindi. Najua mahali mahindi yanapoanikwa. Yanaanikwa penye simiti, na penye simiti katika boma lolote la huku ni mbele ya lango.

Nilipofika, sakafu yote ilikuwa ya manjano. Turubai nne zilikuwa zimetandazwa kutoka baraza mpaka langoni, mahindi yamesambazwa, na kando kulikuwa na rundo la yaliyokuwa hayajatandazwa. Mlango mmoja wa geti ulikuwa umeishika turubai kwa pembe na kuikunja. Rundo lilikuwa limesimama katikati ya macho ya geti, yale mawili yanayotazamana kutoka kila upande wa njia, ambayo yakiona kitu kati yao hulizuia geti lisifunge. Yalikuwa yakifanya kazi yake barabara. Yalikuwa yameona magunia kumi ya mahindi na kuamua kuwa ni mtu aliyelala.

Mambo hayakuishia hapo. Siku tatu geti lilikuwa wazi, mbuzi wa jirani wakaja kula, ndama akatoka akapatikana kwenye sukumawiki za watu. Mama akatoa ufunguo kwenye mkebe wa sukari, akaliachilia geti, akajaribu kusukuma mlango mwenyewe. Mguu ukateleza juu ya punje, akakaa kitako katikati ya mahindi. Hakuumia. Alikaa pale akicheka, mwenyewe aliniambia, kwa sababu kuku alikuja akamtazama. Lakini jirani alimwona, na jirani alikuwa na namba ya Gladys.

"Kuja uone," Mama alisema.

Sebuleni, karibu na televisheni, kulikuwa na sanduku jipya la magurudumu, la zambarau, kubwa kiasi cha kutoshea mtu. Kibandiko chenye anwani ya Gladys ya Nairobi kilikuwa kimefungwa kwenye mkono wake.

"Imekuja jana na parcel. Ati nianze kupanga nguo polepole. Atakuja kunichukua Jumamosi ya wiki ijayo."

Hakuwa anafanya mzaha tena. Alikuwa ameshika ile rimoti shingoni kwa vidole viwili. Nilimuuliza, nikijua ninauliza upumbavu, kama mahindi hayawezi kuanikwa nyuma ya nyumba.

"Nyuma ni udongo. Na mvua ikija, nikimbie nayo na hizi magoti?" Kisha akaongeza, "Hii simiti ni Mzee alijenga. Alisema mahindi kwanza, gari tutanunua baadaye. Gari haikuwahi kuja."

Nilirudi karakana, nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Kamau, nikamweleza yote bila kupunguza. Alisikiliza akisugua magoti yake mwenyewe. Mwishowe akasema, "Lete kalenda ya hiyo geti." Nikasema hakuna. Nilitamani anifokee, ingekuwa nafuu. Hakunifokea. Alisema tu, "Nipatie koti," na akaomba gari liletwe karibu na mlango kwa ajili ya miguu yake. Njia nzima ya Yamumbi alizungumza habari za mvua.

Mama Salina alimletea kigoda, akakaa kando ya mahindi na chai. Wazee wawili wenye magoti mabovu walielewana mara moja. Walilinganisha dawa zao za kuchua kwa muda mrefu kiasi cha kunikosesha raha, kisha Mzee Kamau akaniita.

"Nekesa, ile kayaba ulipima kutoka wapi?"

"Kutoka hapa, Mzee. Inapoanzia."

"Hayo ni majani. Shina iko wapi?"

Nilipiga magoti nikaingiza mkono ndani ya miiba. Niliingiza mpaka kiwiko, mpaka bega, nikatoka nimechanika mkono wa sweta. Mashina yalikuwa yamenyooka kwenye mstari mmoja, mita nzima na robo kutoka nilipopimia. Tangu mume wa Mama Salina afariki, hakuna aliyeukata ule uzio kwa upande wa ndani, na ulikuwa umenenepa kimya kimya. Nyuma ya majani ulikuwapo ubavu wote niliouhitaji. Geti la kuteleza lingepita pale bila kugusa shina hata moja, bila kufagia sakafu, bila kujali kama ndani kuna mahindi au kuna mkutano wa kanisa.

Lakini majani yangelazimika kukatwa, na sharti lilikuwa sharti. Nilimweleza Mama, nikamwonyesha mashina, nikamwambia hatutang'oa kitu. Alisogea mbele ya ule uzio, akashika tawi moja.

"Mzee wangu mwenyewe alikuwa ananyolewa kila mwisho wa mwezi," alisema. "Na hakuna siku alikufa na hiyo. Kateni. Lakini mimi nitasimama hapa nione."

Alisimama, na alituelekeza kila tawi. Kosa lilikuwa letu, kwa hiyo karakana ilirudia kazi yote. Tuliunganisha milango miwili ikawa geti moja refu, tukalifunga magurudumu chini, tukachimba msingi wa reli kwenye mstari wa lango. Mahindi hayakuondoka. Mama aliyarudisha nyuma kwa hatua chache tu, akasema sakafu ni yake na ya mahindi, sisi ni wageni. Kila baada ya muda aliwaita mafundi wageuze mahindi kwa reki, na waligeuza, watu wazima wenye miwani ya kuchomelea juu ya vipaji vya nyuso. Siku ya tatu wingu jeusi lilikuja kutoka upande wa Kaptagat, na sote tuliacha zege tukakimbilia turubai. Mzee Kamau, ambaye alikuwa ameacha kutoka karakana, nilimkuta ameshika pembe ya turubai ya nne na anatupigia kelele kwamba hatujui kukunja.

Zege lilipokauka na reli kulazwa, alitoa gololi akamkabidhi Mama Salina. Hakuwa amewahi kumpa mteja yeyote. Mama aliinama kwa taabu, akiwa amenishika bega, akaiweka juu ya reli, akaiachilia. Gololi ilikaa. Tuliitazama wote kama watu wanaongoja yai lianguliwe, nayo ikakaa tu pale pale na utepe wake wa bluu. Nilisikia machozi yakija nikajifanya nakohoa.

Jumamosi ilipofika nilikuwa pale tangu asubuhi nikipaka mstari mweupe kwenye simiti, hatua saba ndani ya reli, urefu wa gari. Macho ya geti nilikuwa nimeyaweka kwenye mstari wa reli, na kazi ya ule weupe ilikuwa moja tu, kwamba mahindi yasiuvuke. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya mahindi yake, miguu peku, rimoti shingoni. Gari likapiga honi nje.

Hakuinuka. Aliinua rimoti, akaielekeza kwenye geti, akabonyeza. Geti liliteleza kando ya kayaba iliyonyolewa, bila kelele, na gari la Gladys likaingia, likafika kwenye mstari mweupe, likasimama ghafla. Mbele yake kulikuwa na mahindi mpaka barazani. Mama akabonyeza tena, geti likajifunga nyuma ya gari, macho yakiwa hayaoni chochote cha kulalamikia.

Gladys alishuka. Alikuwa amevaa viatu vya kisigino, na nilimwonea huruma ya mtu anayezijua hizo habari. Alilitazama geti, akalitazama rundo, akamtazama mama yake aliyekaa.

"Mum, hujapanga nguo."

"Nipange aje na nina mahindi nje? Wewe umekuja saa mzuri. Hiyo viatu toa. Reki iko hapo."

"Mum, nimetoka mbali hivi."

"Najua. Ndio nimekwambia utoe viatu, upumzishe miguu."

Gladys alinigeukia kama mtu anayetafuta shahidi. "Madam, hii gate inafanya kazi kweli? Siku zote? Ama ni leo tu?"

Nilimwambia kwamba la kwanza nililipanga vibaya, kosa lilikuwa langu wala si la mama yake, na kwamba hili limepangwa kwa miezi yote kumi na miwili. Alichukua rimoti shingoni mwa mama yake, akafungua geti, akafunga, akafungua, akasimama mwenyewe kwenye njia likifunga ili aone kama litasimama. Lilisimama. Akamrudishia Mama utepe wake. Kisha akainama akavua viatu, kimoja baada ya kingine, akaviweka juu ya boneti ya gari, akaingia kwenye mahindi na reki. Baada ya muda nikamsikia akiimba polepole. Nilikunywa chai yangu yote siku ile, na nikaomba nyingine.

Tangu hapo sikuiruka tena kalenda. Kambini Kaptagat iliniambia kwamba wakimbiaji arobaini wakitoka kwa mstari geti halipati nafasi ya kufunga, tukawatengenezea mlango mdogo wa pembeni. Kwa mfugaji mmoja wa Ziwa iliniambia kwamba kila mwezi wa kwanza, kupe wakizidi, ng'ombe hujikuna kwenye kitu chochote kilichosimama, tukaizungushia mota nguzo tatu za chuma, na ng'ombe wakatushukuru kwa kujikuna kwenye nguzo. Mzee Kamau alinipa gololi siku alipoamua kurudi kupumzika Nyandarua. Alinipa bila hotuba, na akaniambia nisiipoteze kwa sababu siku hizi hazitengenezwi nzuri.

Wiki yangu ya mwisho kazini nilikwenda Yamumbi kulifanyia geti la Mama Salina ukaguzi wa kawaida. Nilibadilisha betri, nikamtoa mjusi ndani ya boksi la mota, nikapaka grisi kwenye meno ya reli. Nilikwenda na Chebet, atakayeshika kazi yangu. Mama sasa anatembea na fimbo, lakini rimoti bado iko shingoni kwa utepe ule ule, umechakaa, rangi za nchi gani haijulikani tena. Kabla sijasema neno, Chebet aliomba kigoda, akakaa kando ya lango na daftari, akamuuliza Mama mwezi wa kwanza hapa kunapita nini, ingawa geti limekuwapo miaka yote hii. Mama alianza kumjibu kwa furaha kubwa, kisha akakumbuka kwamba naondoka kazini.

"Nekesa, huwezi enda mikono mitupu. Ingia stoo ujichotee maharagwe. Ni ile ya mbegu, mzuri kabisa. Iko kwa sanduku."

Niliingia. Sanduku la zambarau lilikuwa limelazwa juu ya mbao, mbali na panya, magurudumu yake yakitazama ukuta. Nililifungua zipu. Lilikuwa limejaa maharagwe mekundu mpaka juu, mbegu ya msimu ujao, na kwenye mkono wake kibandiko cha anwani ya Nairobi bado kilikuwa kimefungwa. Nilichota kikombe kimoja nikasita, nikamwita nikamuuliza nichukue ngapi.

"Chota tu," Mama alijibu kutoka nje. "Hiyo haina safari."